Bahari ya Nyika, Visiwa vya Milima

Asubuhi baada ya mvua kubwa, vumbi likiwa limetulia na viwanda vya Themi havijaanza kufuka moshi, panda kilima cha Themi, kisha geuka taratibu utazame pande zote. Kaskazini, Meru umejaza anga. Mashariki, kwa mbali, Kilimanjaro umesimama peke yake. Magharibi upo Monduli, na nyuma yake, kwa mwenye macho makali, vivuli vya nyanda za juu za Ngorongoro. Milima ya Longido na Ketumbeine huioni, bega la Meru limeificha. Kusini ni nyika inayoteremka kuelekea Simanjiro, tambarare na kavu, mpaka Lolkisale unapochomoza.

Mtu wa Pwani, aliyezoea kukaa ufukweni akatazama Tumbatu na Unguja vikielea kwenye upeo wa macho, angeitambua picha hii bila kuelezwa. Ni funguvisiwa. Kutoka Kilimanjaro hadi Ngorongoro ni takriban kilomita 200, na katikati yake milima imetawanyika mmoja mmoja, kila mmoja na msitu wake kichwani, na baina ya mmoja na mwingine kuna nyasi, migunga na joto. Karibu yote ni volkano, watoto wa Bonde la Ufa. Wanaosoma viumbe wamekuwa wakiihesabu milima ya namna hii kuwa visiwa kwa karibu karne nzima, tena kwa maana halisi. Ndege, kinyonga au mti uliozoea ukungu wa mita 2,500 hauna maisha katika nyika ya mita 1,000. Kwa kiumbe kama huyo, uwanda wa Sanya, kati ya Meru na Kilimanjaro, ni sawa na mkondo wa bahari.

Jambo ninalotaka kulisema katika makala haya ni kwamba bahari hiyo ya nchi kavu haijawahi kuwa na kina kimoja. Ilipungua zamani mpaka visiwa vikakaribiana, ikajaa tena, na katika miaka mia moja hivi iliyopita tumekuwa tukiichimba sisi wenyewe.

Kupanda kisiwa

Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Meru kiko mita 4,566. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 za selsiasi kila unapopanda mita 100, kwa hiyo kati ya soko la Kilombero jijini na kilele kuna tofauti ya nyuzi 19 hivi. Ni safari ya kutoka ikweta hadi nchi za baridi, na yote iko ndani ya macho ya mtu mmoja aliyekaa kibarazani na kikombe cha chai.

Halafu kuna mvua. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ukivuka nyika bila kudondosha kitu cha maana mpaka ugonge mlima. Hapo hulazimika kupanda, hupoa, na maji huanguka. Ndiyo maana miteremko ya kusini na mashariki, kuanzia Nkoaranga hadi Ilboru, ni migomba na kahawa, wakati ng'ambo ya pili, Oldonyo Sambu na kuendelea kuelekea Longido, mfugaji anahesabu miezi ya ukame. Wote wawili wanatazama mlima mmoja. Mmoja amepewa uso, mwingine mgongo.

Njia ya kupandia huanzia lango la Momella, upande wa mashariki, na askari wa hifadhi mwenye bunduki hutangulia kwa sababu nyati wa huko hawana mazoea na mtu. Chini kabisa ni uwazi wa nyasi ambamo twiga hutembea kama wenye nyumba. Kisha msitu unakufunga: mitarakwa, podo, mizeituni mwitu, mikuyu iliyonyonga miti mingine hadi ikafa. Mbega wapo wengi, mikia yao myeupe ikining'inia, na mgeni asiyemwona mbega hata mmoja Meru amepanda akiwa amelala. Kibanda cha Miriakamba kiko mita 2,514. Ukivuka hapo miti inaanza kufupika na kujikunja, ndevu za kuvu na mwani zinaning'inia kwenye matawi ya Hagenia, halafu unaingia ukanda wa mierika, vichaka vigumu vya majani madogo madogo. Saddle, kibanda cha pili, kiko mita 3,570. Kutoka hapo Meru Mdogo, mita 3,820, ni mwendo wa saa moja hivi, na usiku wa manane wapandaji huanza kupita kwenye ukingo wa kreta, kushoto kwao kukiwa na genge linaloshuka mita zipatazo 1,500.

Mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Olov Hedberg, ambaye alianza kuzunguka milima mirefu ya Afrika Mashariki mwaka 1948, ndiye aliyetupa mpangilio unaotumika hadi leo wa kanda hizi: msitu, kisha mierika, kisha ukanda wa juu kabisa ambao mimea yake haipo mahali pengine duniani isipokuwa kwenye vilele vichache vya Afrika. Aliona kwamba huko juu majira hayaji kwa miezi. Kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe. Mmea wa huko hauna nafasi ya kulala miezi mitatu ukisubiri joto kama miti ya Ulaya. Lazima uweze kuganda na kuyeyuka ndani ya saa 24, leo, kesho na kesho kutwa.

Mimea miwili imejibu swali hilo kwa ustadi unaomfanya mtu asimame hata kama pumzi zimemwishia. Lobelia ya huko, Lobelia deckenii, iliyopewa jina la Karl Klaus von der Decken, Mjerumani aliyezunguka eneo hili miaka ya 1860, huhifadhi maji kati ya majani yake. Usiku tabaka la juu la maji hayo huganda na kuwa barafu, na barafu hiyo huzuia baridi isifike kwenye kichipukizi kilicho chini. Mti wa senesio nao hauangushi majani yake makavu. Huyaacha yamekunjamana kuzunguka shina kama koti la mtumba lililovaliwa juu ya jingine, na maji yaliyo ndani ya shina hayagandi. Usiku ukiingia, majani mabichi ya kileleni hujikunja na kufunika kichipukizi, na asubuhi hufunguka tena.

Nani alivuka, nani hakuvuka

Senesio wa Meru ana jina lake mwenyewe, Dendrosenecio meruensis. Kilimanjaro kuna spishi nyingine. Mlima Kenya, Aberdare, Cherangani, Elgon na Ruwenzori nako kila mahali pana wake, ndugu wa ukoo mmoja waliotawanyika kwenye vilele visivyokutana. Swali lilikuwa walifikaje. Mwaka 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya miti hiyo. Walipendekeza kwamba ukoo ulianzia juu Kilimanjaro takriban miaka milioni moja iliyopita, kisha mbegu zikapeperushwa hadi Meru na hadi Aberdare, na kutoka mlima hadi mlima. Mbegu ya senesio ni nyepesi, ina manyoya, inabebwa na upepo. Wachunguzi waliowafuata wanaendelea kubishana kuhusu mpangilio wa safari hizo, lakini picha ya jumla imebaki: mimea iliyoruka kutoka kisiwa hadi kisiwa bila kukanyaga nyika.

Kinyonga haruki. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Kwa miaka mingi vinyonga wenye pembe mbili za bapa puani, wanaopatikana kwenye milima ya kaskazini-mashariki ya Tanzania na kusini mwa Kenya, walihesabiwa kuwa spishi moja yenye sura tofauti tofauti. Mwaka 2008 wataalamu waliwachunguza upya, maumbile na vinasaba, wakakuta kwamba hawa si wamoja. Wa Usambara wanatofautiana hata wao kwa wao. Wa Taita ni wake peke yake. Wa Kilimanjaro na Meru wamebaki spishi moja, Kinyonga wa Taveta, Kinyongia tavetana. Na ukienda Hanang, huko Manyara, unakutana na ndugu yao mwingine, Kinyongia uthmoelleri. Kila mlima umemtengeneza mkazi wake, ila Meru na Kilimanjaro wanashirikiana.

Kwa nini washirikiane? Kwa sababu ni majirani, na kwa sababu ni vijana. Hapa inabidi nirudi Usambara, kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa mhasibu wa jeshi kabla ndege hawajamteka akili. Reginald Moreau aliajiriwa mwaka 1928 katika kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, akakaa huko hadi 1946. Hakuwa na shahada ya elimu ya ndege. Alikuwa na macho, daftari, na Salimu Asmani, msaidizi wake, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa akiingia msituni na kuwafahamu ndege kwa tabia zao. Historia ya sayansi imechelewa mno kumpa Salimu nafasi yake. Kutokana na kazi yao Moreau alianza kuona kwamba misitu ya milima ya Afrika ni funguvisiwa lililokauka. Ndege walewale walijitokeza Usambara, Uluguru, Kilimanjaro, wengine hadi Kamerun, na katikati hakuna. Mwaka 1966 alichapisha kitabu kikubwa juu ya ndege wa Afrika na visiwa vyake. Mwaka uliofuata Wamarekani wawili, Robert MacArthur na Edward Wilson, wakatoa hesabu iliyowafanya wanasayansi wa dunia nzima wazungumze kwa lugha ya visiwa: kisiwa kikubwa kina spishi nyingi, kidogo kina chache, kilicho mbali hupokea wageni wachache, na kilichokatwa kutoka bara hupoteza wakazi wake mpaka kifikie idadi inayolingana na ukubwa wake.

Maelezo ya Moreau yalikuwa hali ya hewa. Wakati wa zama za barafu, Afrika Mashariki ilikuwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa, na misitu ya milimani iliteremka mamia ya mita. Baadhi ya misitu iliyotengana leo ilikaribiana, na mingine huenda iligusana. Kisha joto likarudi, misitu ikapanda tena kukimbia ukavu, na kila mlima ukabaki na abiria wake.

Msomaji wa Zanzibar atakuwa ameshaitambua hadithi hii, maana kwao ilitokea kwa maji ya kweli. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo. Mkondo wa Zanzibar una kina kifupi, hivyo Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na wanyama walikwenda kwa miguu. Bahari ilipopanda, chui na kima punju wakajikuta kisiwani. Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, haukukauka hata wakati huo, na ndiyo maana Pemba ina popo wake mkubwa na ndege wake wanne wasiopatikana kwingine, akiwemo ninga wa Pemba. Kwa jicho hili, Meru na Kilimanjaro ni Unguja: wametengana juzi, bado wanafanana. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita, Pare na Usambara hadi Udzungwa, ndiyo Pemba yetu. Miamba yake ni mikongwe kupita kiasi, iliinuliwa mamilioni mengi ya miaka kabla Meru haujatema hata jiwe la kwanza, na mvua za Bahari ya Hindi hazikuiacha ikauke. Ndiyo maana Usambara kumejaa spishi za peke yake, pamoja na ua dogo la zambarau ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya mwaka 1892 na leo linauzwa kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima, wakati Meru, pamoja na urefu wake wote, una wakazi wachache wa pekee.

Yupo mnyama mmoja anayeziunga bahari zote mbili. Perere, yule mnyama mdogo wa mitini anayepiga kelele usiku kama mtu anayenyongwa, anaishi kwenye misitu ya Meru, Kilimanjaro, Usambara na Uluguru. Anaishi pia Unguja na Pemba. Wataalamu humweka katika spishi moja, Dendrohyrax validus. Ukimsikia usiku pale Miriakamba, jua kwamba mwenzake anamjibu kutoka kwenye mikarafuu, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo.

Kisiwa kilichobomoka

Visiwa vya volkano vina umri kama watu. Komoro ndiko unakoweza kuusoma umri huo kwa mfuatano. Kisiwa cha Ngazidja ni kijana, na volkano yake ya Karthala yenye mita 2,361 ingali inawaka. Maore ni mzee: mvua imemla mpaka mlima wake wa Benara haufiki mita 700, na matumbawe yamemzunguka kwa mbali kama mtu aliyekonda ndani ya kanzu yake ya zamani. Katika funguvisiwa letu la nyika kijana ni Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti ya magadi, nyeusi inapotoka na nyeupe baada ya muda mfupi ikishapigwa na hewa. Julai 2007 mfululizo wa matetemeko kuzunguka mlima jirani wa Gelai ulisikika hadi Nairobi, na Septemba Lengai ukalipuka. Essimingor, ule unaouona kulia ukipita Makuyuni kwenda Manyara, ni miongoni mwa wakongwe wa ukanda huu, umeshapoa na kusahaulika.

Meru uko katikati, na una jeraha. Ukiutazama kutoka Themi unaona pembetatu nzuri iliyotimia. Ukiutazama kutoka Momella unaona kiatu cha farasi kilichofunguka upande wa mashariki. Kati ya miaka 7,000 na 9,000 iliyopita, upande huo wote uliporomoka. Haukuwa mlipuko wa lava. Ubavu wa mlima ulikatika ukateremka, mawe, tope na majivu, ukaelekea Kilimanjaro. Watu walikuwepo Afrika Mashariki wakati huo, na sijui kama kuna mlima mwingine nchini ambao mtu angependa zaidi kumwuliza babu wa mababu aliona nini hapo. Vilima vidogo vidogo vilivyotapakaa kuanzia Momella hadi karibu na Usa River, ambavyo watoto huvipanda na mbuzi huvikwangua, ni vipande vya ubavu huo. Ndani ya kreta kumeota koni mpya ya majivu, na mara ya mwisho Meru ulionyesha dalili ya moto ilikuwa mwaka 1910.

Maziwa ya Momella yalizaliwa katika mashimo yaliyoachwa na poromoko hilo. Yako karibu karibu, lakini hayafanani rangi wala chumvi: Momella Kubwa, Momella Ndogo, Rishateni, Tulusia, Kusare na mengine, kila moja na maji yake, mwani wake na ndege wake. Heroe huja kujilisha kwenye yale yenye magadi, kisha huruka kurudi Ziwa Natron, ambako huzaliana. Hapo kuna visiwa vilivyogeuzwa: vipande vya maji ndani ya nchi kavu, ndani ya kisiwa cha mlima, ndani ya nyika.

Zawadi nyingine ya miamba hiyo ni floridi. Maji yanayopita kwenye majivu na lava ya Meru huibeba kwa wingi, na baadhi ya maziwa na vijito vya upande wa Momella na Maji ya Chai yana viwango vinavyopita mbali kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya wazee wengi wa Arumeru ni maandishi ya jiolojia, na mifupa iliyopinda ya baadhi yao ni maandishi mabaya zaidi. Kule Ngurdoto kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mradi mkubwa wa maji wa jiji la Arusha, wa shilingi bilioni 520, ulichimba visima hadi wilaya ya Hai, sehemu ya sababu ikiwa hiyohiyo. Jiji lililo chini ya mlima wenye maji mengi limelazimika kutafuta maji kwa jirani.

Mlango wa bahari wa Engare Nanyuki

Kati ya Meru na Kilimanjaro kuna nyika ambayo kwa wanyama ilikuwa mlango wa bahari wenye kina kifupi. Tembo, pofu na swala walivuka wakifuata mvua, kutoka kwenye misitu ya milima hadi Amboseli na kurudi. Engare Nanyuki iko mdomoni mwa mlango huo, kaskazini-mashariki ya Meru.

Wajerumani walipofika walianza kuuzungushia mlima mkanda. Juu wakaweka msitu wa serikali. Chini wakagawa mashamba kwa walowezi, na kuanzia 1905 hivi wakawakaribisha Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza. Wameru na Waarusha wakabaki katikati, kati ya msitu na katani, mashamba yakipungua huku watoto wakiongezeka. Waingereza walirithi mkanda huo na wakataka kuukaza. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zikichomwa, ili ardhi ipewe wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akiwa na wakili Earle Seaton, alikwenda New York kusema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Vitabu vyetu vya shule huieleza kesi hiyo kama hatua ya kuelekea uhuru, na ni kweli. Lakini mtu anayefuatilia wanyama angeisoma pia kama tukio la jiografia: kwa mara ya kwanza mlango ulipigwa uzio kutoka pande zote mbili.

Mwaka 1960 ilianzishwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto, na 1967, baada ya Meru kuingizwa, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Sehemu ya Momella ilikuwa shamba la mlowezi Mjerumani, Margarete Trappe, na jirani hapo ndipo ilipopigwa filamu ya Hatari!, iliyotoka 1962, ambamo waigizaji wanawakimbiza faru kwa magari. Faru hao hawapo tena. Ujangili uliwamaliza, na hakuna faru wengine waliokuja kujaza nafasi, maana wa kuja kutoka wapi? Kitu hichohicho ndicho alichokiona mtafiti William Newmark alipochapisha mwaka 1996 uchunguzi wake juu ya hifadhi za kaskazini mwa Tanzania. Hifadhi zilizokuwa ndogo na zilizofungwa zaidi zilikuwa zimepoteza wanyama wakubwa kwa kasi zaidi. Hesabu ya MacArthur na Wilson, iliyoandikwa kwa ajili ya visiwa vya bahari, ilikuwa imefika Arumeru.

Wageni huuliza kwa nini Hifadhi ya Arusha hakuna simba, na hupewa majibu mengi ya kupendeza. Simba anahitaji nafasi. Hifadhi ilipanuliwa ikafika kilomita za mraba 552, lakini sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni msitu na mwamba, na simba hawi mbega.

Lililobadilika tangu Newmark aandike ni sisi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 416,000 katika Jiji la Arusha, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 617,000. Hao ni wa jiji tu, Meru na Arusha Vijijini hawamo. Shamba la zamani la migomba na kahawa chini ya miringaringa halikuwa bahari ya kutisha. Ndege wengi walipita humo, hata wanyama wadogo, na mlima ulishuka taratibu hadi mjini. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye ukuta wa tofali ni kina kingine kabisa. Inachosha kusikia lawama zikimwendea kila siku mfugaji wa Engare Nanyuki na ng'ombe wake, ambao angalau wanaacha njia wazi, wakati anayefunga mlango kwa kudumu ni mtu wa mjini mwenye hati na saruji, nikiwemo mimi na majirani zangu.

Kaskazini ya Kilimanjaro bado kuna ushoroba wa Kitendeni unaounganisha mlima huo na Amboseli. Upande wa Meru njia zilizobaki ni nyembamba, na kila msimu wa ukame mjadala wa tembo kuingia mashambani hurudi upya.

Kuna kimoja ambacho hakijakatwa. Mto Themi huanza msituni juu ya jiji, hupita kati ya nyumba, hukusanya takataka zetu, humwagilia bustani za mchicha na sukuma, kisha hushuka nyikani na kuungana na Kikuletwa. Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, hukutana na Ruvu inayotoka upande wa Kilimanjaro, na kutoka hapo jina linakuwa Pangani. Maji hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani kabla ya kufika mjini Pangani, ng'ambo ya Unguja. Njiani yamegawanywa mno na mifereji, mashamba na mabwawa, hivi kwamba wakati wa kiangazi mto hauna nguvu ya kuisukuma bahari. Maji ya chumvi hupanda mtoni na kuingia bara, na mkulima wa huko hulazimika kusubiri maji yapwe ndipo achote.